Gari ya umeme iliyotumika, betri naipimaje kabla sijatoa hela?

Mzee wa Gia
Wakuu habari za saa hizi. Nimeendesha petroli miaka yote, sa hivi nataka kuhamia umeme. Nimepata Nissan Leaf ya 2014, ile ya betri ya kWh 24 (kipimo cha umeme inaobeba), bodi safi, ndani safi, odometa haijafika elfu 60 na muuzaji anaapa kwamba betri iko kama mpya kwa sababu dashibodi inaonyesha vimistari vyote 12 vya afya ya betri. Shida yangu ni moja, gari ya petroli nikiisikiliza injini ikiwa baridi, nikaangalia moshi na oili, nishajua nanunua nini. Hii ukiiwasha haisemi kitu. Hizo kilomita na vimistari vinatosha kuamini? Mizunguko yangu ni kama km 70 kwa siku.

Waya wa Chungwa
Mkuu odometa kwenye gari ya umeme haikwambii mengi, kuna Leaf imetembea kidogo lakini imekaa juani imejaa chaji miaka na betri imechoka kuliko ya mtu anayepiga safari kila siku. Betri inazeeka kwa umri na kwa joto hata kama gari haitembei, na Leaf kama hiyo betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu.

Vimistari navyo. Cha kwanza hakidondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15 ya uwezo wake, vinavyofuata ndo vinadondoka kila ikipungua kama asilimia 6. Kwa hiyo yenye 12 inaweza kuwa na afya ya 98 au 86, huwezi kujua kwa macho. Halafu kuna mchezo mchafu, wanaifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vimistari vyote vinarudi, unanunua kwa furaha, baada ya muda kompyuta inajifunza upya na vinaanza kudondoka kimoja kimoja ukiwa nyumbani.

Tafuta kidude cha OBD2 cha bluetooth, kile cha kuchomeka kwenye gari kusoma kompyuta yake, weka programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha asilimia ya afya, mara ngapi imechajiwa chaji ya haraka, na volti za seli zote, yaani vile vibetri vidogo vya ndani, ziko jozi 96. Hapo kwenye seli ndo ukae. Usiangalie gari ikiwa imepaki na imejaa, kila betri inapendeza ikiwa imejaa. Iendeshe mpaka chaji ibaki asilimia 25 hivi, tafuta mlima, kanyaga, mwenzako awe ameshika simu. Jozi zote zikishuka pamoja, tofauti milivolti 20 au 30, safi. Ukiona moja inazama peke yake mpaka inaachana na wenzake kwa milivolti mia na zaidi, hiyo seli ndo itakuzimia gari njiani wakati dashibodi bado inasema una chaji.

Kikokotoo
Naongezea kwa Waya, hata bila kidude unaweza kumkamata huyo aliyefuta kumbukumbu, kalamu tu. Chaji mpaka 100, rudisha sifuri kile kipimo cha wastani wa matumizi na kile cha safari, halafu endesha kawaida, usibembeleze. Tuseme umeenda km 60, wastani unasoma km 6 kwa kWh, maana yake umetumia kWh 10. Chaji imebaki asilimia 40, yaani hizo 10 zimekula asilimia 60. Gawanya 10 kwa 0.6 unapata kama kWh 16.7 kwa betri nzima. Ile ya 24 ikiwa mpya inakuachia kutumia kama 21 hivi, kwa hiyo hapo kama moja ya tano imeshaondoka na gari ya hivyo HAIWEZI kuwa na vimistari 12 vya halali. Hesabu haina adabu lakini haidanganywi.

Na zile kilomita zilizobaki zinazoandikwa kwenye dashibodi zipuuze kabisa, zinapigwa kutokana na uendeshaji wa karibuni, dalali akizunguka taratibu kwenye tambarare kabla hujafika namba inapanda.

Mama Chaji
Jamani mbona Leaf tu. Kama mtu anaanza, mi ningemwambia atafute yenye betri inayopozwa na maji, Hyundai Kona, Chevrolet Bolt, Tesla, hizo presha ya joto ni ndogo. Ila na zenyewe zina yake, Kona na Bolt zote ziliwahi kuitwa kurudi kwa watengenezaji sababu ya hatari ya betri kushika moto, ule wito wa Bolt wa mwaka 2021 ulikuwa mkubwa sana, kwa hiyo uliza kwa namba ya chesesi kama kazi ilifanyika na upate karatasi. Renault Zoe za mwanzo nyingi ziliuzwa gari peke yake, betri ni ya kukodi kila mwezi! Unaweza ukanunua gari na betri siyo yako.

Waya wa Chungwa
@Mama Chaji kweli, ila bei zake na Leaf haziko mtaa mmoja, yeye ana km 70 tu. Hata hiyo ya kWh 16.7 bado inamfikisha, mradi asiishi kwenye milima na hita. Ikishashuka kwenye vimistari 8 ndo ataanza kuendesha huku moyo uko mkononi. Na Mzee akikutana na ya kWh 30 inayosoma afya mbovu asikimbie haraka, kompyuta zake zilikuwa zinaipima betri chini ya uhalisia, Nissan wakatoa marekebisho ya programu 2018, aulize kama yaliwekwa.

Tairi Nne
Mmezama kwenye betri mmesahau gari. Inama chini uangalie kasha la betri kama limegonga jiwe, limebonyea au lina alama za maji ya mafuriko. Diski za breki zinapata kutu kwa sababu mota ndo inayofanya kazi ya kupunguza mwendo, pedi zinakaa bila kazi. Tairi zinaisha haraka, gari nzito. Fungua mdomo wa kuchajia, plastiki ikiwa nyeusi au imeyeyuka kuna waya ulikuwa unapata moto, na hakikisha plagi inaingia kwenye vituo unavyotumia, Leaf kama hiyo plagi yake ya chaji ya haraka ni aina ya CHAdeMO, wengi wanajenga vituo vya aina nyingine, CCS. Taa zikiwaka dashibodi nzima kama sherehe usikate tamaa, anza na betri ndogo ya volti 12, ikichoka inaleta vituko vyote hivyo. Waya za rangi ya chungwa, hizo ndo za umeme mkubwa, usiguse wala usimruhusu fundi wa kubahatisha aguse.

Mzee wa Gia
Asanteni sana. Nimempigia muuzaji nikamwomba siku nzima, nijaze chaji nizunguke nayo mpaka ishuke. Kasema niweke kwanza nusu ya hela.

Kikokotoo
Nusu ya nini? Mwambie akae kiti cha abiria mzunguke wote, umeme unalipa wewe. Akikataa na hilo, ushapata majibu ya betri bila kupima.