Tupeane uzoefu: siku ya kushuka visiwani kwenye meli za kitalii za Karibiani

Wakuu, bei za kabini tumeshazijadili vya kutosha. Leo nataka waliokwisha kupanda: mliposhuka mlifanya nini? Naanza na Cozumel, Mexico. Tulikwenda Julai, meli imetoka Miami. Saa za Cozumel hazibadiliki mwaka mzima, kwa hiyo wakati wa kiangazi kisiwa kiko nyuma ya saa za meli, yaani za Miami, kwa saa nzima, na simu ikinasa mtandao wa huko inajirudisha saa yenyewe. Jioni pale gatini jamaa wawili walikuja mbio na mifuko ya tequila, abiria juu wanapiga makofi kama wako uwanjani. Waliwahi. Ziara mliyonunua melini ikichelewa, meli inawasubiri. Teksi ya kujitafutia, shauri yako.

Mzee wa Chumbageni:
Kisiwa cha Grand Cayman meli inatia nanga nje, mnashushwa kwa boti ndogo. Foleni si mchezo, wahini. Sisi tulikwenda Stingray City, fungu la mchanga lenye maji ya kiunoni na nyenga wanapita katikati ya watu. Walizoea pale kwa sababu wavuvi walikuwa wakisafishia samaki hapo na kutupa matumbo. Unaburuza miguu, hunyanyui, usije ukamkanyaga akakuchoma mwiba. Watu wanambusu wapigwe picha! Mimi mtu wa Tanga nilikuwa namwona kwenye chungu na tui zito. Mama watoto akanifinya.

Binti Wete:
😂😂 Mzee umeniua. Mimi Ocho Rios, Jamaica. Maporomoko ya Dunn's River mnayapanda kutokea ufukweni kwenda juu, mmeshikana mikono mstari mzima, maji ya baridi yanawapiga kifuani. Viatu vya maji nendeni navyo, pale mtakodishwa. Ila kilichonikuna ni njiani: mama mmoja anachoma shelisheli kwenye mkaa, ganda jeusi tii! Waingereza walilipeleka Jamaica mwaka 1793 wakitafuta chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Nikamwomba kisu nikalimenya mwenyewe, akabaki ananitazama. Akaniongezea kipande bure.

Baharia Likoni:
Sisi wafanyakazi wa melini tukipata saa mbili za kushuka, tunatafuta Wi-Fi ya bure tuongee na nyumbani. Lakini Nassau, Bahamas, hamhitaji ziara ya kulipia. Kutoka bandarini tembeeni kwa miguu hadi Queen's Staircase, ngazi zilizochongwa na watumwa ndani ya mwamba mwishoni mwa karne ya 18. Simama chini uangalie kuta zilivyo ndefu, halafu ukumbuke walitumia zana za mkono.

Mgeni mwalikwa:
Nina pasipoti ya Tanzania na viza ya Marekani ya kuingia mara moja. Naweza kwenda safari hizi?

Baharia Likoni:
Hapana, ndugu. Meli ikishatoka Miami umetoka Marekani, kurudi ni kuingia upya. Inatakiwa ya kuingia mara nyingi, halafu angalia masharti ya kila kisiwa kabla hujalipa.