Mjadala: Vyuo vipime mkojo kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula)?

Wakuu habari. Kwenye diskasheni Malimbe kuna mtu katoa hoja kwamba vyuo vya hapa Mwanza vipime mkojo kabla ya UE, na atakayekutwa na Ritalin au Adderall, vidonge vya kuongeza umakini, bila cheti cha daktari adisko, yaani afukuzwe chuo. Anasema anayemeza anamwibia maksi asiyemeza.

Napinga, na sababu yangu haitawapendeza wamezaji: hizo maksi hawazipati.

Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne walitoa matokeo ya jaribio la watu 40 wenye afya njema. Kazi ilikuwa kujaza begi: chagua vitu vyenye thamani kubwa kabisa bila kuzidi uzito uliowekwa. Siku moja unameza dawa, siku nyingine kidonge kisicho na kitu. Wakiwa na dawa walitumia muda mrefu zaidi, wakahamishahamisha vitu kuliko kawaida, ila kila hatua ikawa na tija ndogo. Tena waliokuwa wakali bila dawa ndio walielekea kuporomoka.

Utaniambia mbona unapiga msuli mpaka alfajiri. Sibishi. Dopamini, kemikali ya hamasa ubongoni, imepanda, hata sheria ya mikataba inanoga! Ila kumbukumbu hukomaa usingizini, na usingizi ndio umeukata. Saa mbili asubuhi uko ukumbini, mdomo mkavu, moyo unadunda, unajaza kurasa nne za swali ulilolisoma vibaya.

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, begi si anatomia. Anatomia ni kukariri tu, hapo kidonge kinabeba. Na kama hakisaidii, kwa nini kinahitaji cheti?

Mdau wa Mkolani: Na wale walioandikiwa kihalali kwa tatizo la umakini? Mtawaanika mbele ya darasa zima?

Mleta mada: Mkolani, umesema kweli, hilo sikuligusa. Nyegezi: cheti ni kwa sababu ya moyo na uraibu, si maksi. Kuhusu kukariri, Marekani mwaka 2018 walijaribu Adderall kwa wanafunzi 13 wasio na tatizo hilo. Umakini ulipanda, uwezo wa kushika mambo kichwani wakati wa kuyafanyia kazi ukashuka. Kumi na tatu ni wachache, sawa, lakini wewe ushahidi wako ni rafiki yako mmoja.

Wa kubanwa ni duka linalouza bila cheti. Hela ya vipimo ikipatikana, maktaba ikae wazi mpaka saa sita usiku, na ratiba isiweke mitihani miwili siku moja.