Maji magumu huku pembezoni mwa Tanga: bili tunalipa, halafu tunalipa tena jikoni na bafuni

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaifunika. Sisi tunaokaa pembezoni mwa jiji la Tanga, upande wa kwenda Amboni, tunauziwa maji ya kisima kirefu kwa bei ya maji kamili, na maji yenyewe yanatuharibia nyumba. Wanaotuletea siwataji, wanajijua. Bili zao hazichelewi hata siku moja.

Ukiyakinga kwenye glasi yanang'aa, hayana harufu wala udongo. Ndiyo maana ukienda kulalamika wanakutazama kama mgonjwa. Yachemshe sasa. Birika linavaa ukoko mweupe usiotoka kwa steeliwaya. Koili ya hita ya kuogea inavikwa chokaa, umeme unakula lakini moto hauyafikii maji vizuri, mwisho koili inaungua. Matundu ya bomba la mvua yanaziba moja moja. Boya la tangi la choo linakwama, maji yanamwagika usiku kucha, na mita inasoma. Chai ya rangi inaota utando juu, ukimaliza kunywa kikombe kimebaki na duara la kahawia.

Kwenye sabuni ndipo uchungu ulipo. Haya maji yamebeba madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, ndiyo maana yanaitwa magumu. Ukipaka sabuni ya mche, madini hayo yanaikamata kwanza na kuigeuza uchafu mzito usioyeyuka. Povu halitoki mpaka madini yote yashibe, maana yake kipande kikubwa cha sabuni kinaishia kupambana na maji kabla hakijaigusa nguo. Na ule uchafu hauendi mbali, unajishika kwenye nyuzi. Kanzu nyeupe za Ijumaa zinageuka kijivu, taulo zinakuwa ngumu, sare za watoto zinachakaa kabla ya muhula kuisha. Sabuni ya unga inavumilia zaidi, lakini nayo inabidi umimine mara mbili. Ukioga, mwili unabaki na utando na ngozi inakauka, nywele zinakatika kwenye kitana. Mafuta ya kupaka nayo ni hela.

Maharage sasa. Kalsiamu inakaza ganda na nyama ya punje, yanachemka weee bado magumu. Wengi huku wanatia magadi, yanaiva kweli, ila magadi yanaua vitamini B1 iliyomo humo. Jirani yangu mama lishe anamaliza mtungi wa gesi kwa sufuria za maharage, na bei ya sahani hawezi kuipandisha kwa sababu wateja wake ni mafundi na bodaboda. Hasara hiyo hakuna anayeiandika popote. Wanaotuuzia maji wanahesabu lita tu.

Chanzo hakina siri. Huku tumekaa juu ya mwamba wa chokaa, huohuo uliotoboka ukawa mapango ya Amboni, mwamba wa takriban miaka milioni 150. Mvua inashuka na hewa ya kaboni dayoksaidi, inakuwa na uchachu kidogo, inalamba chokaa ikipenya chini. Kisima kinachochimbwa humo kinatoa maji yaliyoshiba mawe. Sehemu kubwa ya jiji inakunywa maji ya mto Zigi, unaotoka kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kukingwa kwenye bwawa la Mabayani. Miamba ya Usambara haiyeyuki kirahisi kama hii yetu. Jiji moja, bahari moja, na ndugu yangu wa mjini anafua kwa nusu ya sabuni yangu.

Nilipokwenda ofisini kwao niliambiwa, "Mama, mbona wenzako hawalalamiki?" Nikaomba karatasi ya vipimo. Yule kijana akasema maji yana dawa, yako salama. Sikuuliza dawa! Klorini inaua vijidudu, kalsiamu haiigusi. Shabu nayo inashusha tope, ugumu unabaki palepale. Kuchemsha kunaondoa sehemu tu ya ugumu, na hiyo sehemu inayoondoka ndiyo inayoganda kwenye sufuria yako.

Nisieleweke vibaya, sisemi maji haya yanaua. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, na ya mawe ya figo yanayosemwa vijiweni mimi siyabebi. Lakini "hayaui" haiwezi kuwa kipimo cha kitu ninachokilipia. Mtu akikuuzia mchele wenye mawe hawezi kujitetea kwamba hakuna aliyekufa.

Ninachodai ni karatasi kwanza. Wabandike ofisini na kwa mwenyekiti wa mtaa ugumu wa maji kwa miligramu kwa lita, masika na kiangazi. Yakizidi 180 huhesabiwa magumu sana, kwa hiyo namba tutaisoma wenyewe. Ugumu wa maji ni somo la sekondari, wasituambie wanasubiri wataalamu. Pili, watuletee maji ya mto, na kama bomba halitoshi wayachanganye na ya kisima ili makali yapungue. Mpaka hapo bei ishuke. Wanaotuambia tununue mashine za kulainisha maji wanatuhamishia kazi yao, na zile za kubadilisha madini zinataka chumvi kila mara na kuongeza sodiamu kwenye maji, mwenye presha ya kupanda aangalie.

Kwa sasa anayeweza aweke mfereji kwenye bati na tangi la kukinga mvua ya masika na vuli. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, inayofuata kinga. Hayo ni maji laini, fulia nguo nyeupe na pikia maharage. Birika litie maji na ndimu au siki, lichemshe, liache lipoe, ukoko utaachia. Ila dada zangu, siki au ndimu msichanganye kabisa na jiki mnaposugua choo, inatoka gesi ya klorini, inaunguza mapafu.

Barua naipeleka serikali ya mtaa wiki ijayo, na nataka iende na majina mengi ili lile jibu la "wenzako hawalalamiki" lisirudiwe. Mlio upande huu, andikeni hapa mko mtaa gani, maji yenu ni ya kisima au ya mto, na yameharibu nini. Na mwenye karatasi yoyote ya vipimo, hata ya zamani, aipige picha aiweke.