Sanduku la babu: nishani za Burma na mabango ya sinema, naomba ushauri wa kuyatunza

Mjukuu wa Keya

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Mwezi uliopita shangazi yangu alinikabidhi sanduku la bati alilolitunza uvunguni mwa kitanda chake tangu babu afariki, nami naomba ushauri kabla sijafanya jambo lisilorekebishika. Babu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyepigana Burma, ambayo sasa ni Myanmar, na aliporudi alipata kazi ya kukata tiketi mlangoni mwa sinema moja ya hapa Tanga, akaifanya mpaka macho yalipofifia. Ndani ya sanduku mna nishani nne zilizofungwa katika leso, na chini yake mabango matatu ya filamu yaliyokunjwa: mawili ya Raj Kapoor na Nargis, nyota wa filamu za Kihindi, na moja la mwigizaji wa Marekani James Stewart aliyevaa kofia pana na kushika bunduki.

Mabango ya Kihindi hunishangaza kila ninapoyafungua. Ukisimama mbali unamwona Nargis mzima, amegeuza shingo. Ukiinama karibu, uso wake unakuwa mipigo ya brashi, waridi shavuni na kijani kibichi chini ya taya palipotakiwa kivuli. Kuna fundi aliyeketi akauchora uso ule kwa mkono ili uvute watu barabarani kwa siku chache, kisha ubanduliwe, na babu hakukubali utupwe.

Sasa kaka yangu mkubwa anataka yote matatu yalaminishwe na kutundikwa sebuleni. Binamu yetu anataka bango la James Stewart liuzwe, kwa kuwa amesikia kwamba vitu hivyo vina wanunuzi ng'ambo. Mimi sitaki vitengane. Shangazi anasema kila filamu ya James Stewart ilipoletwa, babu aliwaambia vijana mlangoni, "Huyu si mwigizaji tu, ni askari mwenzetu," na ningependa kuelewa alikuwa na maana gani. Je, kulaminisha kuna madhara? Nishani zisafishwe kwa kitu gani?

Mhifadhi Karatasi

Ndugu Mjukuu, nakusihi umzuie kaka yako kwa upole lakini kwa uthabiti. Kulaminisha huyeyusha plastiki juu ya karatasi kwa joto, na ikishashikana haitoki tena bila kuichana picha. Selotepu nayo ni adui, kwa sababu gundi yake hugeuka manjano na kuzama ndani ya karatasi. Mabango ya zamani yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mikunjo si aibu, usiyapige pasi. Yalaze bapa, kila moja katikati ya karatasi zisizo na asidi, ndani ya jalada pana, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, nalo bati hutoa kutu inayotia madoa, basi sanduku lenyewe libaki kumbukumbu, lakini karatasi zitoke humo. Mkitaka picha ya sebuleni, pigeni picha nzuri ya bango, mchapishe nakala, na hiyo nakala ndiyo itundikwe juani.

Nikuulize pia: bango la James Stewart limesimama au limelala? Bango la Marekani la kawaida husimama, inchi 27 kwa 41. La Uingereza hulala, upana inchi 40 na kimo inchi 30.

Mjukuu wa Keya

Ahsante sana. Limelala, nami nimelipima sasa hivi: inchi 40 kwa 30 kasoro kidogo, na ukingoni chini pameandikwa kwamba limechapwa Uingereza.

Mpenda Filamu

Hapo ndipo maneno ya babu yanapopata uzito. James Stewart alipata tuzo ya Oscar mapema mwaka 1941, na mwezi Machi mwaka huohuo akaingia jeshini kama askari wa kawaida, miezi kadhaa kabla ya Marekani kuingia vitani. Alikuwa amekataliwa awali kwa sababu ya wembamba wake. Alikuwa rubani tangu kabla ya vita, na wakubwa wangefurahi kumweka nyumbani afundishe wengine na kupigwa picha za kuhamasisha watu, lakini aliomba kwenda mapiganoni. Kutoka viwanja vya Tibenham na Old Buckenham, Uingereza, alirusha ndege za mabomu aina ya B-24 katika safari 20 za vita, na mwaka 1945 alikuwa amefikia cheo cha kanali. Alibaki katika jeshi la akiba hadi 1968, akastaafu akiwa brigedia jenerali. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba hakutaka vita vyake vitumike kutangazia filamu zake. Mkata tiketi aliyetoka Burma alikuwa na haki ya kumwita mwenzake.

Mzee wa Nishani

Kuhusu nishani, usizisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya kung'arishia. Rangi ile ya giza imeujia mwili wa shaba kwa miaka, na ukiiondoa umeondoa umri wake. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Tafuta yenye umbo la nyota ya pembe sita na utepe wa bluu iliyoiva wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari miwili ya chungwa pembeni: hiyo ndiyo Nyota ya Burma. Kikosi cha 26 na cha 36 vya Keya vilikuwa vya Tanganyika, na vyote vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowafuata Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni za mwaka 1944, katika matope na malaria, mpaka ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Nishani za aina hiyo zilitolewa kwa watu wengi. Inayobeba jina la babu yako ni karatasi. Je, hakuna cheti cha kuachishwa jeshi?

Bibi wa Unguja

Mwanangu, mimi nilikuwa msichana tulipokwenda sinema siku ya Jumapili tumevaa nguo zetu za sikukuu, na nyimbo za *Awaara* ya mwaka 1951 tulizijua kwa moyo bila kujua Kihindi. Mkata tiketi alikuwa mtu mwenye heshima mtaani. Mabango yatangoja, lakini shangazi yako ana umri. Keti naye, washa simu urekodi, mwoneshe bango mojamoja umwachie aseme.

Mjukuu wa Keya

Shikamoo, Bibi. Nimefanya hivyo jana jioni, na kaka yangu alikuwepo. Mzee wa Nishani, cheti kimepatikana: kilikuwa nyuma ya gazeti lililobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku, chenye namba yake ya jeshi na kikosi cha 36. Shangazi alilisoma jina la baba yake kwa sauti mara mbili, kisha akaomba bango la James Stewart lilazwe pamoja na cheti katika jalada moja. Binamu hajakubali bado. Mhifadhi Karatasi, tafadhali niambie, gazeti lile nilibandue namna gani bila kulichana?