Mahindi bado yako shambani, ndugu wameshaanza kupiga simu. Mzee namwambiaje?

BintiWaMbozi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Niko kwa wazazi, Mbozi mkoa wa Songwe. Mkataba wangu Dar uliisha, nikaona badala ya kukaa mjini nahangaika na kodi bora nirudi nyumbani, maana mzee anagonga sabini na mama magoti yanamsumbua. Tuna eka tano za mahindi na kahawa kidogo nyuma ya nyumba. Wanaoijua Mbozi wanaelewa mwezi wa saba ulivyo huku. Kahawa imeiva inataka kuchumwa, mahindi yamekauka yanataka kuvunwa, baridi inakata masikio, na kibarua uliyeongea naye jana leo unamkuta kwenye kahawa ya jirani kwa sababu kule kapandishiwa hela ya debe.

Hayo nayaweza. Linalonishinda ni hili: mwaka jana tulipata kama gunia 60. Deni la mbolea lilikula 15. Zikauzwa 20 kwa ajili ya vibarua, mashine ya kupukuchua, usafiri na ada ya mdogo wetu wa mwisho. Zikabaki 25 ndani, na nyumba ina watu tisa. Sasa wakaanza kuja ndugu. Shangazi kutoka Tukuyu, baba mdogo na mkewe kutoka Mbeya mjini, watoto wa binamu ambao hata majina nawachanganya. Wote "tumekuja kuwasalimia tu", na kila mmoja ana kiroba kimekunjwa vizuri ndani ya mkoba. Mzee anawajazia kwa mikono yake, hapimi. Februari mama anatuma mtoto Mlowo akanunue mahindi kwa debe, bei karibu mara mbili ya ile tuliyouzia.

Mwaka huu simu zimeanza kabla hata hatujavuna. Nilipomgusia mzee akaniuliza, "Kwa hiyo siku nikifa nizikwe na magunia?" Nikanyamaza.

Mdogo wangu wa kiume, yuko Tunduma, anasema dawa ni kuuza yote. Kuna mnunuzi alipita kijijini anatoa hela sasa hivi mahindi yakiwa bado kwenye mabua, ila anataka gunia la kujazwa kwa namna yake. Ndugu wakija wakute ghala tupu, kesi imeisha.

Nishaurini. Mzee namwambiaje, na je, tuuze?

Kiroba25

Dada, hao wa viroba ndio sisi. Tuma ramani ya kufika.

MtunzaGhala

Binti, pole na majukumu. Kabla hujamgombesha mzee, tukae na hesabu kwanza.

Mtu mmoja mpigie nusu kilo ya mahindi kwa siku, mtoto na mkubwa mkiwachanganya. Watu tisa ni kilo 4.5. Mwaka mzima ni kama kilo 1,642, yaani gunia 16 na nusu za kilo 100. Hilo ni fungu la chakula, liandike mahali.

Sasa Julai mpaka Februari ni miezi saba. Mlikula kama gunia 10. Mlikuwa nazo 25. Zimekwenda wapi 15? Kiroba cha ndugu ni kilo 25, akizidi sana 50. Ndugu kumi wakibeba viroba vya 50 wote ni gunia tano. Ili ndugu wamalize gunia 15 ingebidi waje na fuso.

Nenda kamuulize mama taratibu. Mzee msamehe kwa sasa.

Kiroba25

Haya, ndugu tumesafishwa mahakamani.

DalaliMstaafu

Nimefanya hii biashara, nikae kwenye swali la pili.

Mnunuzi anayetoa hela mahindi yakiwa kwenye mabua hakuhurumii, anajua una shida ya hela ya vibarua. Bei anayokupa ameshakata hatari zote: mvua, wizi, bei kushuka. Na wakati huo huo atakuja na gunia lake. Debe la mahindi makavu lina kilo 17 au 18, kwa hiyo debe sita tayari ni kilo 100 na ushee. Yeye atashindilia, ataongeza kichwa kwa juu na kukishona kwa kamba, anaondoka na debe saba kwa bei ya gunia moja. Kwenye gunia 20 umempa debe 20 bure. Hizo ni gunia tatu na kitu, dada, kuliko hata alizobeba shangazi yako.

Ujazo huo ndio lumbesa, na imepigwa marufuku, gunia mwisho kilo 100, Wakala wa Vipimo wana sheria yao. Lakini anayeikataa shambani ni wewe. Uza kwa kilo, kwenye mzani. Akikataa mzani, mwache aende zake.

Kama hela ya vibarua ndiyo inakubana, kahawa si unayo? Kahawa inaingia sokoni wakati huu huu. Acha kahawa ilipe mavuno ya mahindi.

BintiWaMbozi

@DalaliMstaafu kahawa tunapeleka AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, malipo ya mwisho yanachelewa. Ya awali inatosha sabuni.

DalaliMstaafu

Basi uza gunia chache, zile tu za kulipa watu wa shamba, kwa mzani, kisha funga mlango. Usiuze kwa hasira ya ndugu.

NyumbaYaNyukiTabora

Naona kila mtu anawataja ndugu, hakuna aliyemtaja mwizi mkubwa. Dada, mahindi mlihifadhi vipi? Sisi Tabora ndiko dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, alikoanzia nchi hii, mwanzoni mwa miaka ya 80, watu wakamwita Scania kwa jinsi anavyosomba. Gunia likikaa miezi minne bila kinga ukilipiga kofi linatoa vumbi, ndani mmebaki maganda na unga.

Tena anaanza shambani. Yakikaa kwenye mabua wiki na wiki eti mnasubiri kumaliza kahawa, mnaingia naye ghalani mkono kwa mkono.

BintiWaMbozi

Tunaweka kwenye viroba vya kawaida, tunavilaza stoo nyuma ya jiko. Dawa ya unga ilinunuliwa, sijui kama ilitosha.

MtunzaGhala

Haya, jibu moja la gunia zako limeanza kujitokeza.

Kwa chakula cha nyumbani tafuta mifuko ya PICS, wengine wanaiita ya kinga njaa. Ni mfuko wa nje wa kawaida na miwili ya nailoni ndani. Haihitaji dawa kabisa, mdudu aliyemo anamaliza hewa na kufa. Sharti ni mbili. Kwanza mahindi yawe yamekauka kwelikweli. Pili ufungaji: mfuko wa ndani kabisa unaukamua hewa, unausokota shingo, unaukunja, unaufunga kwa kamba kwa nguvu, wa pili hivyo hivyo peke yake, halafu wa nje. Watu wengi wanafunga yote mitatu kwa pamoja kama gunia la mkaa, halafu wanalalamika mfuko ni feki.

Na usiufungue fungue. Mfuko ulioufungua uutumie mpaka uishe ndipo uende mwingine.

WaKongwa

Kuhusu kukauka naongezea, hasa kwa kuwa watoto wapo humo ndani. Huku Dodoma na Manyara mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliondoka na watu 20. Mahindi yaliyoingia ukungu usiyasage, usiyapike pombe, usiyape hata kuku. Kausha juu ya turubai, siyo kwenye udongo.

Huna mashine ya kupima unyevu? Chukua chupa ya soda, kavu kabisa. Weka chumvi kidogo, nayo uwe umeianika ikakauka. Weka mahindi kama theluthi ya chupa, funika, tikisa kwa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikibaki chini haijaganda, funga mifuko yako. Bibi yangu alikuwa anang'ata punje tu na hakukosea, lakini meno ya bibi hatunayo.

JiraniKitale

Salamu kutoka Kitale. Huku kwetu tunavuna kuanzia mwezi wa kumi, na mvua mara nyingi inatukuta shambani, so tunakata mabua na kuyasimamisha pamoja yakauke kabla ya kutoa mahindi. Nyinyi mna bahati ya kiangazi wakati wa mavuno.

Mambo ya ndugu ni yale yale, hata huku mwezi wa kumi na mbili wanakuja kwa wingi. Mamangu aliweka sheria moja: hapeani gunia, anapeana kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Ukihesabiwa gorogoro kumi mbele ya watu unaona aibu kuitisha ya kumi na moja. Na hakuna mtu anaweza sema amenyimwa.

MamaWaNne

Nimesoma yote, nikamtafuta mama yako humu sijamwona. Anayechuma kahawa asubuhi, akarudi kupikia vibarua, akapepeta jioni, halafu mzee anamimina mahindi kwenye kiroba cha shemeji, ni yeye. Na Februari anayetafuta hela ya debe ni yeye. Mlimuuliza lolote?

Kwangu mimi mahindi ya chakula yanalala chumbani, si stoo, na funguo ninayo mimi. Mume wangu ana ya kwake ya kuuza na ya kugawa. Akitaka kuwa mkarimu, awe mkarimu kwa ya kwake.

ShangaziWaWatu

Ngojeni nami nisemee upande wa pili, maana mimi ni huyo shangazi. Naishi mjini, nakwenda kwa kaka yangu kila mavuno, na kiroba ninacho, sifichi.

Binti, hujatuambia shangazi yako anakuja na nini kutoka Tukuyu. Nina hakika hapandi gari mikono mitupu. Kuna ndizi, kuna maparachichi, na baba yako alipokuwa hana kitu huenda kuna mtu alimsomesha au alimlisha. Usimpimie mzee dada yake kwa gorogoro hujajua historia yao. Ule msemo wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu usimtamkie kabisa, ataona umemtukania ukoo.

Ila wale watoto wa binamu wenye nguvu zao, wanaokuja kazi imekwisha na mahindi yamo kwenye magunia, hao nakubaliana nawe. Wapigie simu sasa hivi, waambie mnaanza kuvuna tarehe fulani, karibuni. Atakayekuja kushika kazi atastahili, asiyekuja amejijibu.

Kiroba25

Mama shangazi umenimaliza. Naahirisha safari.

BintiWaMbozi

Wakuu nimerudi na ripoti.

Nilikaa na mama jana jikoni tunachambua maharage, nikamuuliza zile gunia 15. Mama anazo zote kichwani, hakuna daftari hata moja. Ndugu walichukua kama nne. @NyumbaYaNyukiTabora ulipiga penyewe: nne nyingine ziliharibika na dumuzi, nusu wakala nguruwe. Mbili na kitu aliuza mwenyewe debe debe, kwa michango ya misiba, dawa za magoti na madaftari. Halafu akanyamaza, akaendelea kuchambua. Nikamwambia mama, bado tano. Akasema, "Muulize mdogo wako."

Kumbe yule wa Tunduma alikuja Oktoba, akachukua gunia tano akauze "kwa bei ya mpakani". Hela ikazungushwa. Mpaka leo inazunguka. Na huyu ndiye anayetaka tuuze yote mwaka huu, na mnunuzi ni rafiki yake!

DalaliMstaafu

Hahahaaa. Nilitaka kuuliza hilo tangu mwanzo nikaona nisiharibu familia ya watu.

MamaWaNne

Na mzee anajua?

BintiWaMbozi

Anajua, ndiyo maana aliwaka nilipowataja ndugu. Alidhani nazunguka ili nimfikie kijana wake.

Nilimwita baba mdogo wa Mbeya, yeye ndiye mzee anamsikiliza. Nilitegemea atatetea kiroba chake, lakini amekuja Jumamosi, akavuna na sisi mpaka jua linazama, na ndiye aliyeongea. Hakumtaja mtu. Alisema tu, "Kaka, chakula cha nyumba kitoke kwanza, tutagawana kinachobaki." Mzee akakubali gunia 17 ziwekwe kwenye hiyo mifuko, chumbani kwa mama, funguo kwa mama. Nikapendekeza fungu lake la kugawa liwe gunia nne, agawe anavyotaka, zikiisha zimeisha. Akagoma. Anataka tano, kwa sababu ya shangazi peke yake ni gunia zima na siyo kiroba. Mwaka ambao mzee alilazwa muda mrefu, shangazi ndiye aliyelisha nyumba hii, mimi nilikuwa mdogo sikumbuki. @ShangaziWaWatu, kumbe.

Kwa hiyo ni tano. Mnunuzi tumemwambia aje na mzani, hajarudi. Mdogo wangu hapokei simu zangu, ila anapokea za mama.

MtunzaGhala

Vizuri. Mifuko usiilaze sakafuni, weka mbao chini na usiegemeze ukutani. Na panya je? Akitoboa nailoni hewa inaingia na kazi yote imekwenda bure.

BintiWaMbozi

Mbao zipo. Paka tunaye, ila analala jikoni kwenye joto, baridi ya huku nayo haitaki.

NyumbaYaNyukiTabora

Mhamishieni chumbani kwa mama.