Core War, Robocode au 8086: kilabu ianze na ipi?

Kipanga07
Habari za jioni wakuu. Nasimamia kilabu ya kompyuta ya kidato cha tatu na cha nne. Python wanaijua kiasi, sasa nataka washindanishe programu zao zenyewe kwa zenyewe. Nimeona Core War, Robocode, CROBOTS na ile ya asembli (lugha ya amri za prosesa yenyewe) ya 8086, prosesa ya Intel. Mashine zetu ni za zamani na intaneti ni ya kubahatisha. Lengo langu hasa ni waelewe kumbukumbu ya kompyuta inavyofanya kazi. Ningeanza na ipi?

MzeeAsembli
Core War, mkuu. A. K. Dewdney aliitambulisha kwenye Scientific American mwezi Mei 1984, na kwangu mimi bado hakuna mchezo unaoonyesha wazi kiasi hiki kwamba ndani ya kumbukumbu amri na data vinakaa pamoja, na moja inaweza kugeuzwa nyingine. Programu mbili zinapakiwa kwenye uwanja wa visanduku 8000 uliojikunja duara: ukipita cha mwisho unaibukia cha kwanza. Zinapokezana, amri moja moja. Itakayojikuta inatekeleza DAT, yaani kisanduku cha data tupu, inakufa.

Waandikie ubaoni Dwarf, programu ndogo ya kivita:

ADD #4, 3
MOV 2, @2
JMP -2
DAT #0, #0

Mstari wa kwanza unaongeza 4 kwenye namba iliyo ndani ya DAT. Wa pili unainakili DAT hiyo hadi pale namba inapoelekeza, na hilo ndilo bomu. Wa tatu unarudi mwanzo. Halafu waulize: mbona haijilipui ikimaliza mzunguko? Waache wahangaike. 8000 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo bomu linaloruka hadi nyumbani linaangukia DAT ileile, amri zenyewe haligusi. Mwanafunzi akiligundua hilo kwa kalamu na karatasi, anwani hazitamtisha tena.

BintiPwani
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapa napingana nawe. Mtoto wa Python ukimrushia @2 siku ya kwanza, wiki ijayo humwoni. Robocode ina vifaru vinavyoonekana: rada inazunguka, risasi zinaruka, kila kifaru kinaanza na nishati 100 na kila risasi unayofyatua inakula nishati hiyo. Kosa linaonekana palepale, na wanaondoka na Java. CROBOTS ya Tom Poindexter, ya 1985, ni wazo hilohilo kwa lugha inayofanana na C. Ni nyepesi kwa mashine zenu, ila uwanja wake unachorwa kwa herufi tupu.

MzeeAsembli
Binti yangu, la picha nakubali. Lakini Kipanga ametaja kumbukumbu. Kifaru cha Robocode hakiwezi kuandika juu ya kodi ya mwenzake, na somo lote liko hapo.

Nyambizi
8086 ni asembli ya prosesa ya kweli, na Israel wanafunzi wa sekondari wanashindana nayo. Ila rejista (visanduku vidogo vya ndani ya prosesa) na segmenti (vipande vya kumbukumbu) zinataka mwalimu aliyekomaa. Iweke mwaka wa pili.

Mwana_wa_Kodi
Naungana na Mzee, lakini usianze na visanduku 8000. Kuna uwanja wa nano: visanduku 80, programu haizidi mistari 5. Dwarf inaingia humo, na 80 pia inagawanyika kwa 4. Pakua pMARS, programu inayoendesha Core War, mara moja, ni ya bure, kisha intaneti huihitaji tena:

pmars -s 80 -c 800 -p 80 -l 5 -d 5 -e imp.red dwarf.red

Hiyo -e inakufungulia kikaguzi, mtembee amri kwa amri darasa zima likitazama.

Imp, mpinzani wa Dwarf hapo, ni programu ya mstari mmoja, MOV 0, 1. Inajinakili kisanduku cha mbele, zamu inayofuata inatekelezwa hapo. Wengi watasema Dwarf itashinda. Bomu likitua mbele ya Imp kabla ya zamu yake, Imp inalifunika kwa nakala na kusonga. Linaua tu likiangukia kisanduku ambacho Imp iko karibu kutekeleza. Na Imp ikiifikia Dwarf, mara nyingi Dwarf inageuka Imp, zote mbili zinatembea hadi zamu ziishe: sare.

@BintiPwani, woga wako ni wa kweli. Ndiyo maana nasema mistari mitano tu.

BintiPwani
Kwa nano, sawa. Nimekubali.

Kipanga07
Asanteni sana wakuu, naanza na nano. Moja tu: mifano mingine ina MOV.I, mingine MOV tupu. Zinachanganyika?

MzeeAsembli
Zinachanganyika. Hiyo .I ilikuja na kanuni za 1994: nakili kisanduku kizima. Ukiiacha, pMARS inajaza yenyewe. Kwenye Dwarf, ADD #4, 3 inakuwa ADD.AB (namba ya kwanza ya chanzo inaongezwa kwenye namba ya pili ya kisanduku lengwa) na MOV 2, @2 inakuwa MOV.I. Mwanzoni waiandike kwa mkono, wajue kinachohamishwa ni kipi.