Tupeane uzoefu: mizani inapanda, inashuka, mara imegoma kabisa. Unaisomaje?

Mdau wa Tabata

Wakuu, salaam. Kila Jumatatu kuna watu wanaacha dayati hapa mjini kwa sababu mizani imesoma kilo moja na nusu zaidi ya Ijumaa, na wao wikiendi nzima wamejibana. Wengine wamepungua vizuri miezi miwili, sasa namba imeganda. Naomba tupeane uzoefu wa kazi yenyewe: unapima vipi, namba inaruka kwa sababu gani, ikigoma unagusa nini kwanza, na wakati gani ni wa kwenda hospitali. Habari za "jipe moyo utafika" tunazo za kutosha. Leteni vipimo.

Kipimo Asubuhi

Kabla ya kulaumu mwili, kagua mizani. Mizani ya kidijitali inataka sakafu ngumu iliyonyooka: tailizi au saruji. Ukiiweka juu ya zulia au mkeka, inasoma inavyotaka. Ichague kona moja, weka alama ya chaki, isihame. Iguse kwa mguu iamke, subiri isome 0.0, ndipo upande. Namba zikianza kupishana kwa kilo nzima ukipanda mara tatu mfululizo, badili betri.

Kuijaribu ni rahisi. Nunua mchele kilo 10 dukani, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Nyumbani jipime mwenyewe, halafu jipime umekumbatia mchele. Tofauti iwe 10, ikizidi au kupungua gramu 200 hivi si neno. Ikisoma 8.5 au 11, mizani hiyo ni pambo.

Wale vijana wa mizani za mtaani, Kariakoo na Posta, wasikupe presha. Unapanda na jinzi, viatu, simu na funguo, tumbo lina wali wa mchana, na lami yenyewe imeinama. Hapo kilo mbili na zaidi si zako. Pima asubuhi ukishaamka na kwenda haja, kabla ya chai, na nguo ileile nyepesi.

Sasa wastani. Pima kila siku, jumlisha namba saba, gawa kwa saba. Chukua mfano huu, Jumatatu hadi Jumapili:

Wiki ya kwanza: 84.2, 83.6, 84.9, 84.0, 83.8, 83.5, 84.4. Wastani 84.1.
Wiki ya pili: 83.9, 84.6, 83.4, 83.1, 83.7, 83.2, 83.9. Wastani 83.7.

Huyu amepungua gramu 400, kasi nzuri tu. Lakini angekuwa anapima Jumanne peke yake, angeona 83.6 kisha 84.6, na jioni yake angekuwa kwenye chipsi kuku akijiambia "si haisaidii".

Mama Wawili Mbagala

Kipimo Asubuhi, kupima kila siku kunawavuruga watu wengine, kaka. Kuna mtu namba ikipanda asubuhi hali mpaka jioni, usiku anafagia sufuria. Mtu wa hivyo apime siku tatu kwa wiki, zilezile, mfano Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, mbali na wikiendi, achukue wastani wa hizo. Na aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha aachane na mizani kabisa, apime kiuno kwa futi ya kushonea.

Nesi Zamu ya Usiku

Tuje kwenye kwa nini inaruka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takribani kalori 7,700. Ili unenepe kilo moja na nusu ya mafuta kwa wikiendi, ungehitaji kula kalori zaidi ya 11,000 juu ya mahitaji yako ya kawaida. Pilau ya sendofu, mishkaki na soda mbili havifiki huko hata kwa bahati mbaya. Kilichopanda ni kingine.

Cha kwanza ni wanga. Mwili unaweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni kwenye ini na misuli, jumla nusu kilo hivi, na kila gramu moja inakaa na maji gramu 3 hivi. Ndiyo maana anayekata ugali na wali ghafla anapungua kilo mbili au tatu wiki ya kwanza na kutangaza ushindi mtaa mzima. Akirudia wali siku mbili, maji yanarudi mahali pake. Hakunenepa, kama ambavyo mwanzoni hakupungua kiasi kile alichodhani.

Cha pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hapo umehesabu ya kwenye mchuzi, mkate na kila kitu. Supu ya asubuhi, viungo vya vipande, achari, chipsi zilizonyunyiziwa mara mbili: umeshapita. Mwili unashika maji ili kuizimua. Ukirudi kula kawaida, siku mbili tatu yanatoka yenyewe kwa mkojo.

Cha tatu ni mzigo wa tumboni. Chakula kinachukua siku moja hadi tatu kupita. Aliyefunga choo siku tatu anabeba uzito ambao si mafuta wala maji. Dawa yake ni maharage, mchicha, matembele, matunda na maji ya kutosha.

Na dada zangu: siku chache kabla ya hedhi wengi wanapanda nusu kilo hadi kilo mbili, halafu inashuka damu ikishaanza. Usilinganishe wiki hii na iliyopita. Linganisha wiki ya kwanza ya mzunguko huu na wiki ya kwanza ya mzunguko uliopita, utaona ukweli.

Jogging Jumapili

Nyongeza upande wa mazoezi. Ukikimbia kutoka Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi, kwa joto hili la Dar unaweza kushuka kilo nzima. Yote jasho. Kilo 1 iliyopotea ni lita 1 ya maji, na inabidi uinywe. Wanaovaa mifuko ya nailoni chini ya fulana wanapoteza maji haraka zaidi na kujitafutia kuzimia kwa joto, mafuta hayaguswi zaidi hata kidogo.

Kinyume chake, aliyeanza kubeba chuma au skwati wiki hii atapanda. Misuli iliyochoka inavuta maji ili ijitengeneze, na maumivu yale ya kushuka ngazi ndiyo dalili yake. Mpe wiki mbili hadi tatu kabla ya kuhukumu.

Ustadh Magomeni

Ramadhani ina hesabu yake. Ukipima saa 11 jioni kabla ya futari, mwili umekaukiwa maji na namba inakudanganya kwa furaha. Ukipima baada ya futari, umebeba uji, tambi, mihogo ya nazi na vikombe vinne. Chagua muda mmoja: ukiamka kula daku, baada ya haja, kabla ya kugusa chochote. Na kaimati tano zenye shira hazina tofauti na kaimati tano za mwezi mwingine.

Mpishi Mwenye Mizani

Sasa kwenye kugoma. Wiki moja kutosogea si kugoma. Wastani ukikaa palepale wiki nne, na kiuno hakijapungua, hapo ndipo pa kushika jambo.

Mahali pa kwanza ni chupa ya mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi, na hakuna anayepima kwa kijiko, watu wanamimina. Fanya hivi: andika tarehe kwa kalamu kwenye chupa mpya ya lita moja, angalia inaisha lini. Lita moja ni zaidi kidogo ya kalori 8,200. Nyumba ya watu wanne wakiimaliza kwa wiki moja, kila mmoja anakula takribani kalori 290 za mafuta kwa siku, kabla hujagusa nyama wala wali. Ikienda wiki mbili, umeokoa karibu 150 kwa kila mtu kwa siku, na chakula ni kilekile. Mchicha hauhitaji kuogelea. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja, kikianza kushika chini weka maji kidogo au nyanya.

Pili ni vya kunywa. Vikombe vinne vya chai, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni kalori 190 hivi. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 40, kulingana na aina. Juisi ya miwa usiihesabu kama maji kwa sababu tu imekamuliwa mbele yako.

Tatu ni vile "vyenye afya". Karanga gramu 100 zinakaribia kalori 570. Konzi moja ya pale foleni, nyingine ukiangalia taarifa ya habari, na pengo lote la siku, yaani kalori ulizojibana, limezibwa. Parachichi ni zuri, ila gramu 100 za nyama yake ni kalori 160 hivi, na yale makubwa nyama peke yake inapita gramu 200.

Pima unga na mchele vikiwa vikavu. Ugali mlaini na ugali mgumu vina maji tofauti, ukipima uliopikwa unajidanganya. Unga wa mahindi gramu 100 ni kalori 360 hivi, na mchele mkavu ni karibu na hapo. Kwa vyakula vyetu vingine kuna jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, lililoandaliwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Lina mapishi ya kwetu, si vyakula vya kwenye simu visivyojua matembele ni nini.

Ukishaona tatizo, badili kitu kimoja tu, subiri wiki mbili hadi tatu. Ukibadili mafuta, sukari, ukaongeza mbio na kuacha wali kwa mpigo, hutajua kilichofanya kazi, na wiki ya pili utakuwa umeacha vyote.

Hesabu Kariakoo

Mpishi kasema vema, ila kuna kugoma kusiko na mwizi. Kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, kila kilo inayoondoka inapunguza kalori 10 hivi za matumizi ya mwili ukiwa umelala tu. Aliyetoka kilo 95 hadi 80 anatumia kalori 150 pungufu kwa siku, na kutembea kwake nako kumekuwa kwepesi. Sahani iliyompunguza mwezi wa kwanza sasa inamtosha kubaki alipo. Afanye moja: apunguze robo ya wanga kwenye sahani, au aongeze mwendo. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa anatumia kalori 250 hivi. Kushuka mwendokasi vituo viwili kabla, kwenda na kurudi, kunajaza sehemu nzuri ya hiyo.

Cherehani Ilala

Futi ya kushonea inasema ambayo mizani haisemi. Tafuta mbavu ya mwisho ubavuni na mfupa wa nyonga, weka futi katikati yake. Simama, toa pumzi kawaida, usivute tumbo, futi iguse ngozi bila kubana. Pima mara mbili, kila wiki mbili. Futi ya zamani ya kitambaa inavutika, ilinganishe na rula kwanza. Mwanamke akipita sentimita 80 na mwanaume 94, hatari ya kisukari na moyo inaanza kupanda. Na hizo mizani za "asilimia ya mafuta" zinapitisha umeme mdogo miguuni, ukinywa maji au miguu ikiwa mibichi namba inabadilika. Usizikimbizie.

Nesi Zamu ya Usiku

Narudi kwa machache. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, predinisoloni (ya kutuliza uvimbe na mzio), insulini na glibenklamidi za kisukari vinaweza kuongeza uzito. Amlodipini ya presha inaweza kuvimbisha miguu. Usiache dawa, mwambie daktari, nyingi zina mbadala. Chai za kupunguza tumbo mara nyingi zina mmea uitwao sana (senna), dawa ya kuharisha: unatoa maji na choo, na ukizidisha unapoteza potasiamu ambayo moyo unaihitaji.

Ukipanda kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, bonyeza mfupa wa mbele wa mguu kwa dole gumba sekunde kumi. Likibaki shimo, au unahema ukilala chali, nenda hospitali leo. Na anayepungua bila kujaribu asishangilie: kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku, kapime kifua kikuu, vituo vya serikali ni bure. Kiu na mkojo wa kila saa, kapime sukari.

Binti Kimara

Asanteni. Wastani wangu unashuka gramu 200 tu kwa wiki. Nimekwama?

Hesabu Kariakoo

Hapana dada. Gramu 200 kwa wiki ni pengo la kalori 220 hivi kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 10. Kama una kilo 62 na u mfupi, hiyo ndiyo kasi yako, kujibana zaidi kutakula misuli. Weka yai au dagaa kila mlo, lala kwa muda wa saa saba au nane. Kama una kilo 110, andika tarehe kwenye chupa ya mafuta.